Shaba Kifuani

Ernestine alifika kilimani na ndoo ya maji, kipande cha sabuni na shati jeupe lililopigwa pasi. Hakumsalimu mtu. Alisimama ukingoni mwa shimo, akatazama chini, akakaa palepale kwenye udongo mwekundu.

Chini, Myriam, msichana wa chuo kikuu aliyetoka Lubumbashi, alikuwa amepiga magoti akifagia udongo kwenye fuvu kwa brashi ndogo. Alifagia kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Ni kijana?" Ernestine aliuliza.

"Kijana, mama. Alikuwa angali anakomaa."

Ernestine akajifunika uso kwa kitenge, akalia. Alilia kwa sauti ya chini, muda mrefu, mpaka vibarua wakaweka majembe yao chini.

Mtaa mzima wa Musonoi ulijua habari yake. Mvua mbili zilizopita, mwanawe Mukuna aliingia kwenye mojawapo ya mashimo ya wachimbaji kilimani hapo, kutafuta shaba. Ukuta ukaporomoka. Walinzi wa kampuni ya madini wakaja wakafukuza watu, kisha tingatinga likasukuma udongo juu, mambo yakaisha. Kwao yaliisha. Ernestine alibaki akilala chini kwenye mkeka, nywele hazijasukwa, maana utaondoaje matanga ya mtu ambaye hujamzika? Majirani walimhurumia kwa muda, wakachoka, wakaanza kumwita Mama Mkeka. Tena walicheka. Watu wana roho ngumu, tuseme ukweli.

Kwa hiyo aliposikia sokoni kwamba watu wa Lubumbashi wamefukua mifupa ya mtu kilimani, hakungoja kuitwa.

"Aliteseka?" aliuliza alipoweza tena kusema.

"Hapana, mama. Hakuna hata mufupa moja yenye kuvunjika. Amelala ubavu, mukono chini ya shavu."

"Na ile bitu ya kijani ku kifua?"

"Ni shaba."

"Shaba!" Ernestine alicheka kicheko kibaya. "Hata kule chini ameikumbatia."

Myriam alipanda juu, akaketi kando yake, akamweleza yote aliyoyajua kuhusu mifupa ile, taratibu, bila kumficha neno. Ernestine alisikiliza hadi mwisho. Alifuta macho, akatazama tena chini.

"Nimesikia," alisema. "Sasa munipatie mutoto, nimuzike."

Mkubwa wa kikosi cha Myriam, mzee Tata Kankolongo, hakutaka hata kusikia. Mifupa ilikuwa iende Lubumbashi kwa vipimo, na kwa haraka, kwa sababu mashine za kampuni zilikuwa zinakuja kukata kilima kizima.

"Mama, hii mifupa haiko yetu ya kupatiana."

"Iko ya nani?"

Kankolongo akafungua daftari lake la vipimo.

"Kuko mwingine mwenye alikuya kuiomba?" Ernestine aliuliza.

"Hakuna."

"Basi, mi njo nimekuya."

Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Hakugombana na mtu. Alikaa ukingoni na shati lake mapajani, na jua likimpiga hakuhama. Kankolongo alikuwa mtu wa sheria, mkali kwa vibarua wake hadi kero, lakini siku ya tatu alishindwa kula chakula chake mbele ya yule mama. Akapiga picha zake, akachukua vipimo, akang'oa jino moja la kupeleka Lubumbashi.

"Vingine vyote apewe," alimwambia Myriam, bila kumtazama. "Bakiniuliza, nitajibu miye."

Mbayo, seremala, alipigilia jeneza kwa vipimo alivyopewa na Myriam. Watu walishangaa likitoka fupi, kwa sababu Mukuna alikuwa kijana mrefu aliyekuwa akiinama mlangoni. Mtu akasema mifupa haidai nafasi, nao wakaridhika.

Mtaa wote ulikuja kuzika, hata wale waliomwita Mama Mkeka, na hao ndio waliolia kwa sauti kubwa zaidi. "Mukuna ee! Mukuna!" waliita akina mama, wengine wakijigaragaza. Ernestine peke yake hakutaja jina. Alisema tu, "Mwana. Mwana wa watu." Alitandaza shati jeupe juu ya mifupa, akalifunga vifungo vyote, akanyoosha kola. Kisha akanyoosha mkono kwa Myriam, na Myriam akampa chungu kidogo cha udongo kilichofukuliwa pamoja na mifupa, wakakiweka karibu na kichwa, na vile vipande vya shaba wakavirudisha kifuani.

Minong'ono ikaanza. Lakini katekista Omer, alipochungulia na kuona kila kipande kimetengenezwa kwa umbo la msalaba, alifurahi sana. Aliwatangazia watu kwamba marehemu amekufa Mkristo safi, akaanzisha wimbo. Myriam, aliyejua kuwa misalaba ya shaba ilikuwa pesa za watu wa kale, alitazama viatu vyake.

Walipotawanyika wote, walibaki wawili hao na kaburi bichi. Myriam alimshika mkono kumwinua.

"Mama, sasa utaondoa matanga?"

"Nitaondoa." Ernestine alisimama, akajikung'uta udongo. "Mama ya huyu alimulilia mara moja, miaka mia saba imepita. Leo nimemulilia mara ya pili."

Aligeuka kuelekea kule ng'ambo ya kilima, ambako mashine zilikuwa zinanguruma.

"Mukuna wangu angali kule chini. Benye batamufukua, hata kama ni kisha miaka mia saba ingine, Mungu abaletee mama wa kumuomba."