Mlango wa Mkunazini

Nyumba ya mjini huanza na mlango. Basi Mwanapili aliponunua kiwanja kitupu Mkunazini, alisimamisha kwanza mlango wake wa msaji, peke yake juu ya vifusi. Haukupita mwezi, ikatangazwa kuwa ardhi yote ni ya serikali.

Fundi yule yule aliyeuchonga mlango huo ndiye aliyetumwa kuja kuung'oa.

"Sogea, Bi Mwanapili."

"Nngoje kidogo, mwanangu."

Hakuuzunguka, ingawa hapakuwa na ukuta. Alivua makubadhi, akashika pete ya shaba iliyopata moto kwa jua, akagonga.

"Hodi!"

Fundi aliinamisha uso. Kisha akaweka mtaimbo chini, akazunguka upande wa pili.

"Karibu ndani, Bi," akaitika, akamfungulia.