Makopo Mawili ya Unga

Shufaa alimimina unga wa kopo namba saba kwenye beseni, akajaza kopo hilo unga wa namba tatu, kisha ule wa beseni akautia namba tatu. Akapangusa mifuniko kwa pindo la khanga. Mke mwenzake, Chausiku, alikuwa bado bombani.

Namba tatu lilikuwa la mwana wa Shufaa, Bwanausi. Namba saba la Batuli, binti wa Chausiku. Watoto wote wawili walikuwa na pumu ya ngozi, wanajikuna hadi mashuka yanaingia damu. Nyumbani kwao Zinga wake hao walishirikiana jiko, kuni na mume. Kuaminiana ndiko kulikowashinda.

Makopo wameletewa asubuhi ile na Abdulnasir, mtabibu wa utafiti. Aliwaeleza vizuri. Mengine yana chakula cha bakteria wema wa tumboni. Wakishiba hao, huenda ngozi ikatulia. Mengine yana unga wa mchele mtupu. Lipi ni lipi, hata yeye hakuambiwa. Mtoto atiliwe kwenye uji kila siku, miezi mitatu.

Shufaa hakuwa mtoto mdogo. Abdulnasir ni binamu yake Chausiku, kutoka Mlingotini, na damu nzito kuliko maji. Nani amnyime nduguye dawa?

Mwezi wa pili, viwiko vya Bwanausi vikakauka. Wa tatu, akasahau kabisa kujikuna. Batuli hali yake ileile. Shufaa alifurahi, kisha akaona haya, kisha akaanza kumpaka Batuli mafuta ya nazi bila kuombwa.

"Mungu akulipe, dada," alisema Chausiku.

Shufaa aliomba kimoyomoyo Mungu asiharakishe.

Siku ya majibu, Abdulnasir alifungua bahasha mbele yao.

"Chakula cha bakteria kilikuwa namba tatu. Namba saba ni mchele."

Shufaa alikaa kitako. Basi dawa ya mwanawe alimpa Batuli kwa mkono wake mwenyewe! Na Bwanausi kaponaje kwa mchele?

Kabla hajapata jibu, Chausiku alimpigia magoti, machozi yanamtoka.

"Nisamehe, dada. Siku ileile ya makopo, ulipokwenda kuchuma mchicha, niliubadilisha unga. Nilimwona Abdulnasir anakupa lako kwa mikono miwili, nikadhani ndilo lenye dawa. Miezi mitatu nimemlisha wangu dawa ya mwanao, na bado Mungu kamponya wako."