Jeneza Kifuani

Cleophace alilikata jeneza kwa wembe.

Alianzia kona ya chini, akazunguka polepole, akaling'oa lote pamoja na maandishi yake: GASPARI MAJENEZA BORA. Jezi ikabaki na tundu kifuani, kubwa kama sahani.

Dada yake Deodatha alikuwa pembeni anamenya ndizi. "Si ungelibandikia kitu juu?"

"Nilibandika plasta. Ikabanduka kwa jasho."

Siku hizi hakuna timu yenye kifua chake. Kihanga wanatangaza dawa ya kupe. Nyakatuntu wamevaa sura ya mgombea anacheka mpaka magego, na kipa wao akidaka mpira utadhani anamziba mdomo. Sawa, hayo yanavumilika. Lakini Pembe FC ya Kituntu, timu iliyovaa pembe za ng'ombe tangu enzi za wazee, mwaka huu ilivaa jeneza. La kahawia, na msalaba, na mpira umewekwa juu ya kifuniko.

"Poleni na msiba!" mashabiki wa Kihanga walipiga kelele Jumapili. "Mnazika saa ngapi?"

"Mpisheni namba tisa, marehemu huyo!"

Namba tisa ni Cleophace. Hagenimana, kipa wao, alicheka tu. "Bora tuna jezi, kapteni. Mwaka jana umesahau?"

Hakusahau. Mwaka jana waliondolewa kwenye kombe la kata kwa sababu kila mtu alikuja na shati lake. Cleophace alirudi nyumbani akalala siku mbili bila kula.

Ila Hagenimana hakuwa na mgonjwa ndani. Mzee Kamugisha, baba yake Cleophace, alikuwa kitandani tangu Juni, tumbo limejaa maji, na kila baada ya mechi alitaka mwanawe aende moja kwa moja kumsimulia. Unaingiaje kwa mtu kama huyo umevaa jeneza?

Jumatatu alikuwa amemfuata Gaspari kwenye banda lake la useremala.

"Shikamoo, mzee. Tuondolee lile jeneza. Weka hata kitanda, si unatengeneza vitanda?"

"Marahaba. Zimeshachapwa."

"Basi langu nalikata."

Gaspari aliacha kupiga randa. "Ukikata utajuta, mwanangu. Nakuambia kabisa, utajuta."

Cleophace aliichukua kama laana. Akapita dukani, akanunua wembe.

Jioni aliingia kwa baba yake na jezi yenye tundu. Mzee alinyoosha mkono, akashika kitambaa kwa vidole viwili, kama anavyopima kahawa kama imekauka.

"Kizito," alisema. "Kizuri. Hapa pamefanyaje?"

"Pamechanika uwanjani, tata."

"Na za wenzako?"

"Nzima."

"Lakini kombe mnacheza?"

"Tunacheza."

"Haya basi."

Akageukia ukutani. Cleophace akasema lile alilokuwa akimwambia kila siku. "Mbao zako zipo, tata. Nitakuzika nazo kama ulivyotaka."

Kituntu nzima ilizijua hizo mbao. Za mvule, mzee alizipasua mwenyewe kabla Cleophace hajazaliwa, akazilaza juu ya kenchi za stoo ya kahawa, akazifunika magunia. Za jeneza lake. Alikuwa akisema hawezi kuzikwa kwenye mkaratusi kama kuku kwenye tenga.

"Usipande huko stoo," mzee alisema, bado anatazama ukuta. "Ngazi imeoza."

Alikufa Alhamisi.

Hakuna aliyelia sana. Walikuwa wameshachoka. Cleophace alitandika nyasi sebuleni, alipokea watu, alishika mikono yao, alionyesha vijana pa kuchimba pale kwenye migomba. Hakusikia chochote ndani yake. Ilikuwa kama anafanya kazi ya mtu mwingine.

Kesho yake saa nne asubuhi Gaspari aliingia uani anasukuma mkokoteni. Juu yake jeneza la mkaratusi, bado linanuka vanishi.

"Nani kakuagiza?" Cleophace alisema.

"Cleophace, sikiliza..."

"Mpaka msibani unakuja kutangaza biashara? Rudi nalo. Mzee ana mbao zake."

Gaspari hakusogea.

Cleophace alienda stoo. Akaiegemeza ngazi ukutani, Deodatha akaishika chini. Haikuwa imeoza. Ilikuwa nzima, hata haikulia.

Akavuta gunia la kwanza. La pili. La tatu. Chini yake kenchi tupu. Magunia yalikuwa yamepangwa vizuri, kingo kwa kingo, yamefunika hewa.

Akashuka. Sauti yake ilitoka ya kawaida kabisa. "Wameiba mbao za mzee."

Gaspari alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa anaangalia kamba ya nguo, pale jezi namba tisa ilipokuwa inakauka, upepo unapita kwenye tundu.

"Hakuna aliyeiba," alisema. "Mzee mwenyewe alizileta kwangu mwezi wa tatu, anasukuma baiskeli, safari tatu. Akasema ziuze, wanunulie watoto jezi. Weka chapa yako, iwe kubwa, huyu wangu asijue."