Kopo la Vitovu

Kitovu cha mtoto kilidondoka asubuhi. Nuriati akakifunga kwenye kitambaa, akampelekea bibi yake kama ilivyo desturi ya ukoo wao.

Bi Eshati akalishusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. Kwa miaka hamsini aliweka humo vitovu vya wanawe na wajukuu, vije vizikwe kisiwani, walikotoka wazazi wake. Kila mwaka safari ilikuwa mwakani.

Akakitia na hiki. Kifuniko kikakataa kufunga. Akakishindilia kwa kiganja, kikafyatuka tena.

"Nikutafutie kopo jingine, Bibi?"

Bi Eshati akatazama uani, penye mpera walioukwea watoto wote hao hadi ukainama.

"Kopo la nini? Niletee jembe."

Alichimba mwenyewe chini ya mpera, akakataa kupokewa. Akavifukia vyote, kimoja kimoja, akiwataja wenyewe kwa majina.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Unapanda nini na jua lote hili, Bi Eshati?"

"Subiri mvua, utaona."

Kisha akavua kandambili, akaukanyaga ule udongo taratibu, kama mtu anayejaribu viatu vipya.