Taa Sita za Jikoni

Mita ya luku ilikuwa inalia tangu asubuhi, na taa za jikoni bado zinawaka. Mzee Angetile aliketi kitandani, mlango wake wazi kidogo, akiutazama mwanga uliomwagika hadi kwenye korido.

Taa zenyewe zilikuwa sita, zimezamishwa kwenye dari la jipsamu, na swichi moja iliziwasha zote. Jubilate, mwanawe, aliyeijenga nyumba hiyo ya Mbugani, alizipendea urembo. Fundi Eliud alimwonya kwamba balbu zile za zamani zinakula umeme kama pasi. Jubilate akasema atazibadilisha, kisha akarudi Tunduma kwenye malori yake.

Nyumbani wakabaki mzee na Lusungu, mke wa Jubilate. Vijana wengi wa Kyela siku hizi hawajali tena, lakini hawa wawili waliishika desturi ya Kinyakyusa: mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala hawasemezani. Taa ndizo zilizowasaidia. Zikiwaka, Lusungu yumo jikoni na mzee hatoki chumbani. Zikizimwa, ametoka kwa mlango wa nyuma, na chakula kiko mezani, kimefunikwa kwa jani la mgomba kisipoe. Ndizi za mzee alizipondaponda kwa sababu ya meno yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Na bado mzee alimshtaki. Jana alimwambia Jubilate kwenye simu kwamba uniti zinakwisha upesi mno. Jioni alimsikia Lusungu akigombezwa na mumewe kwa simu, kisha akasikia kilio ng'ambo ya ukuta, na sanduku likiburutwa sakafuni.

Leo taa hazikuzimwa. Mzee alielewa. Mtoto wa watu amekasirika, na ana haki. Akirudi kwao Mwaya, yeye atabaki na nani?

Mchana alimpigia simu Halima, jirani mwenye duka anayeuza luku, akampa dirishani pesa ya kokoa aliyokuwa ameiweka anunulie miwani. Halima alibonyeza namba kwenye mita, pale ukutani nje, na kelele zikakoma.

"Umeme ulibaki chembe tu, babu," alisema akicheka. "Mkweo amekukomoa. Ungeuacha uishe, taa zingezimika zenyewe, ukaenda kula."

"Ziache ziwake," mzee alisema. "Asikae gizani kwa ajili yangu. Ndaga, mwanangu."

Halima aliitikia shukrani hiyo, akakimbilia wateja wake.

Alasiri ikaja na mvua. Mzee alitega sikio, lakini jikoni hakukugongwa sufuria wala kikombe. Amenuna, alijiambia. Hata yeye angenuna. Njaa ilimkata, lakini kilichomuuma zaidi ni lile sanduku. Alitafuta maneno mazuri, akayapanga na kuyapangua, na mvua ilipokatika akampigia Halima tena.

"Zunguka mlango wa nyuma," alimwomba. "Mwambie mzee amekosa. Mwambie taa ni zake, aziwashe atakavyo. Asiondoke tu."

Halima akazunguka. Mzee alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, kandambili zikipiga sakafu ya jikoni, kisha zikasimama. Alifurahi kidogo, alidhani wanawake wale wawili wananong'onezana.

Halima alipofika mlangoni kwake, alikuwa ameshika ukuta.

"Yuko chini, kando ya jiko," alisema. "Ufagio wa asubuhi bado uko mkononi."

Mzee alishuka kitandani.

"Ameshakata roho, babu. Lakini mwili bado una joto."