Pini ya Tano

Kila asubuhi Yuliana aliwasha injini, akangoja moshi mweusi uishe, kisha akampa ishara binti yake Merina aanze kumimina chikichi za moto kwenye mashine ya kukamua mawese. Asubuhi hiyo hawakufika ndoo ya tatu. Kitu kililia tak! Injini ikaendelea kunguruma, lakini skrubu kubwa inayosaga chikichi ikasimama.

Pini. Tena.

"Ya nne hii!" Yuliana alifoka, akaizima injini. "Ya nne ndani ya miezi miwili!"

Merina alikuwa ameinama kwenye mdomo wa mashine, anavuta upindo wa kitenge chake ulionaswa ndani.

"Mama, subiri nikwambie..."

"Utaniambia nikirudi. Achana na hicho kitenge, funika mapipa! Chikichi zikipoa, mnunuzi akija saa nane tutamuuzia nini?"

Akapanda bodaboda kutoka Kidahwe hadi Rusimbi, vipande vya pini zote nne vikiwa vimefungwa kwenye pindo la kanga. Njia nzima alivipapasa. Pini yenyewe ni kitu kidogo, unene wa kidole cha mwisho. Ndiyo inayoiunganisha injini na skrubu. Na kila moja ilikuwa imekatika palepale, katikati, kwenye mkato mwembamba ulioizunguka. Huo haukuwa uchakavu. Kuna mtu aliuchonga.

Mlangoni mwa karakana alimsikia mwenye mali, Oswald, anaongea na simu.

"Mwaka mzima tumehangaika, ndugu yangu. Tumechonga bawaba, nanga, vishikio vya taa za wavuvi wa dagaa, wapi! Kumbe dawa ni pini. Anayenunua geti humwoni tena. Wa pini anarudi mwenyewe!" Akacheka hadi akakohoa.

Yuliana akamwaga vipande mezani kwake. Kicheko kikafa.

"Nimerudi mwenyewe," alisema. "Endelea kucheka."

"Aa, Mama Merina! Karibu kiti..."

"Sikai. Nani anachonga takataka hizi?"

Oswald akaonyesha kwa kidevu. Kwenye mashine ya kukereza alisimama msichana mwembamba aliyevaa ovaroli. Alikuwa anazungusha gurudumu kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto ameutia mfukoni, kama mtu anayepunga upepo ufukweni Bangwe.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Yuliana hakuitikia.

"Anaitwa Kudra, ametoka chuo," Oswald alidakia. "Hizi pini ni wazo lake. Mimi nilipoona zinauzika, sikuuliza zaidi."

"Wazo la wizi! Binti, huu mkato umeuweka wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana, mama. Kwa makusudi."

Oswald akamtumbulia macho. Jibu hilo hata yeye hakulitegemea.

"Umesikia, fundi? Hata aibu hana!" Yuliana alichukua kipande kimoja akakisogeza karibu na sikio lake. "Tena shaba! Hereni zangu za mnadani ni ngumu kuliko hii. Sasa sikilizeni. Nataka pini ya chuma, kile kigumu kabisa, bila mkato wowote. Na iwe sasa hivi."

"Mchongee," Oswald alisema.

Kudra akatikisa kichwa.

"Kudra, chuma hicho hapo. Mchongee mama aende zake."

"Sichongi, bosi."

"Eti?"

"Nipe kazi nyingine yoyote. Hiyo sichongi."

"Basi vua ovaroli yangu uondoke! Nitachonga mwenyewe. Huwezi kunifukuzia wateja kwenye karakana yangu!"

Oswald akanyakua kipande cha chuma. Kudra akakidaka ncha ya pili. Wakavutana, mzee na msichana, na msichana hakuachia. Machozi yalikuwa yanamlenga, lakini vidole vyake vilikuwa vimekaza.

Yuliana alihisi damu inampanda kichwani. Kule nyumbani chikichi zinapoa, na hapa kabinti kanacheza na riziki yake!

"Kiburi chote hicho, na mkono mmoja umeuficha mfukoni tangu nimeingia!" alipiga kelele. "Kwenu hawakukufundisha adabu? Toa mkono mfukoni ukiongea na mkubwa wako!"

"Mama Merina, hapana, hilo usi..." Oswald alianza, kisha akatazama sakafu.

Kudra akakiachia kile chuma. Akautoa mkono wa kushoto polepole, akaulaza mezani, katikati ya vipande vya shaba. Ulikuwa na kidole gumba, na nusu ya kidole kimoja.

"Mashine ya baba ilikuwa na pini ya chuma," alisema, na safari hii sauti yake ilisikika hadi barabarani. "Nguo yangu iliponaswa, haikukatika."