Kete za Mgeni

Mgeni alipiga miayo kwa nguvu, akajikuna shingo, akavuta kamasi ambazo hazikuwepo. Alikuwa ameona mateja wengi wakifanya hivyo, ingawa siku zote aliwaona kupitia kioo cha gari.

"Umeanza lini kutumia?" Mama aliuliza, mkono wake ukiwa bado umeshika komeo la geti.

"Zamani, Mama. Nimechoka. Nisaidie."

Mama aliifungua nyumba hii ya kuwaachisha watu unga baada ya kumzika mwanawe wa pekee. Getini palikuwa na sheria moja: anayeingia hutoa alichobaki nacho, kisha anakwenda kukimwaga chooni kwa mkono wake mwenyewe, Mama akimwangalia. Mgeni hakutaka kutiliwa shaka. Akatoa mfuko mzima wa kete, unga mweupe safi ambao teja wa mtaani hajawahi hata kuunusa.

Mama aliupima mfuko kiganjani. Akamtazama viatu, akamtazama kucha. Kisha akautia mfuko kwenye aproni yake.

"Pita, mgeni. Hizi niachie mimi."

Moyo wa Mgeni ukarudi mahali pake. Redio zilikuwa zikimtangaza kutwa kucha: Tajiri, bwana mkubwa wa unga, kawatoroka askari waliokuwa wakimlinda hospitalini. Mipaka ilikuwa imefungwa, hoteli zinapekuliwa, nyumba za hawara zake zinapinduliwa chini juu. Waendelee tu. Nani huenda kumtafuta fisi kwenye matanga ya mbuzi? Mambo yakipoa, dereva wake angekuja kumvusha mpaka, na yaliyopita si ndwele.

Asubuhi moja alikuwa bafuni akijimwagia maji ya baridi huku akiimba. Alipotoka alimkuta Kinyozi, mkazi mkongwe wa nyumba ile, kasimama mlangoni na taulo begani.

"Mgeni, wewe arosto yako umeitoa wapi?" Kinyozi alimwuliza. "Mtu akikosa unga, maji yanamchoma kama miiba. Mimi nilikaa wiki nzima nanuka kama beberu. Wewe unaoga na wimbo juu!"

Wote uani waliangua kicheko, na Mgeni akacheka nao. Mama alikuwa kwenye mlango wa jiko akimenya viazi. Yeye hakucheka.

Kilichomtesa Mgeni hakikuwa watu. Kilikuwa ukuta. Pale sebuleni zilitundikwa picha za waliokufa kabla ya kupona, na katikati yao mwana wa Mama, amevaa shati la shule, kola imekaa upande. Mgeni hakumjua hata mmoja, ila wao walikuwa kama wanamjua. Kila alipoketi macho yao yalimfuata. Giza likianza kuingia, alisikia kikohozi kikitoka upande wa ukuta, kikavu, cha kijana. Akageuka, hakuna mtu. Aliogopa, yeye ambaye hakuwahi kumwogopa hakimu.

"Hulali, mgeni," Mama alimwambia.

"Silali, Mama."

Jioni ile akamletea chai yake peke yake, kwenye kikombe chenye kifuniko. "Chungu kidogo. Nimetia dawa. Kunywa yote."

Akanywa. Punde mwili ukalegea, vikohozi vikanyamaza, na picha zile zikawa karatasi tu. Tangu hapo hakuikosa chai ya Mama hata jioni moja. Ikichelewa, alikuwa akienda mwenyewe jikoni kuiulizia kama mtoto. Alinenepa roho. Wengine wote Mama aliwaita "mwanangu". Yeye alibaki "mgeni", lakini hilo halikumsumbua. Siku moja Kinyozi alimnyoa ndevu, akamtazama sana machoni, akafungua kinywa. Halafu akakifunga na kwenda kufagia nywele.

Mwisho, baada ya wiki nyingi, ile simu ndogo aliyoificha kwenye soksi ikatetemeka. Dereva alikuwa tayari. Wangekutana asubuhi, kituo cha mafuta.

Mama alimkuta akikunja shuka.

"Unaondoka, mgeni?"

"Nimepona, Mama."

"Geti langu halimzuii anayetoka," alisema, akarudi jikoni.

Jioni hiyo chai ilikuja tamu, haina uchungu wowote. Mgeni hakulala. Ukuta ulikohoa mpaka kukakucha.

Ndani ya gari alipiga miayo. Akapiga tena, na machozi yakamtiririka. Upepo wa dirishani ukamchoma ngozi, akaamuru vioo vifungwe, kisha akatokwa na jasho. Mifupa ilimuuma kama inayosokotwa.

"Malaria hii," alisema.

Dereva alimtazama kwenye kioo, akapunguza mwendo. "Tajiri, nisamehe. Mimi nimekulia kwenye kazi hii. Umeanza lini kula mzigo?"

"Koma! Mimi sijawahi kuonja hata siku moja!"

Mbele kulikuwa na kizuizi cha polisi, na meno yake yalikuwa yakigongana kwa sauti.

"Una kete?" aliuliza hatimaye, na sauti haikuwa yake.

"Sina, Tajiri. Mwenyewe ulikataza tusibebe kwenye gari lako."

"Geuza."

Aligonga geti kwa viganja vyote viwili. Lilifunguka kabla hajagonga tena, kana kwamba mtu alikuwa amesimama nyuma yake tangu asubuhi. Mama alimtazama kamasi, akamtazama mikono inavyotetemeka, akaingiza mkono wake kwenye mfuko wa aproni na kumwekea kiganjani kete moja.

"Imebaki hii tu," alisema. "Choo unakijua. Kaimwage mwenyewe, mwanangu."